Kulwa Kabadilishwa Beringi, Doto Hakuambiwa

Babu, fundi wetu mkongwe, alikuwa amepiga goti kando ya feni kubwa ya tanuru, ncha ya bisibisi ndefu ameikandamiza kwenye nyumba ya beringi, mpini kauweka sikioni. Ilikuwa Jumapili, zamu ya usiku. Mahali pale kelele ni za kuzungumza kwa mikono, kwa hiyo aliniashiria nipige goti na mimi nisikilize. Nikasikiliza. Nilichosikia ni mngurumo tu, kama lori linalopanda mlima kwa mbali. Akanisogelea, akapaza sauti: "Inasaga mchanga, Injinia. Hii haifiki Ijumaa."

Mimi nilikuwa nimetoka chumba cha kuongozea mitambo dakika kumi kabla. Kule kwenye skrini feni ileile ilikuwa ya kijani kuanzia juu hadi chini. Mtetemo mm 3.1 kwa sekunde, wakati kiwango cha ISO, shirika la viwango la kimataifa, kwa mashine kubwa iliyofungwa kwenye msingi mgumu hakianzi kukukunjia uso mpaka uvuke 4.5, na hakikwambii zima mpaka ufike 7.1. Nikamwambia Babu tutaiangalia kesho. Nilisema kwa adabu, lakini moyoni nilikuwa upande wa skrini.

Haikufika Alhamisi.

Kiwanda chetu ni cha saruji, huku pwani. Ile feni ndiyo inayovuta hewa ya moto kutoka kwenye tanuru na kuipandisha mnara wa kupasha malighafi. Ikisimama, tanuru halina pumzi. Unakata malighafi, unakata moto, halafu unakimbilia kuwasha mota ndogo ya dharura ili lile bomba refu la chuma liendelee kuzungushwa polepole, maana ndani kuna mzigo uliokuwa ukikaribia nyuzi 1450, na ukiliacha limetulia litapinda kwa uzito wake lenyewe. Siku mbili na nusu tulikaa bila kutoa klinka, yale mawe yanayosagwa kuwa saruji. Sitaandika hasara, ila meneja alinitazama kwa jicho ambalo bado nalikumbuka.

Ile skrini ya kijani ilikuwa ni pacha wa kidijitali, yaani nakala ya mashine ndani ya kompyuta, inayolishwa vipimo vya mashine yenyewe. Tulikuwa tumeinunua mwaka mmoja na nusu kabla, kwa sherehe na keki. Mafundi wetu wawili Wasukuma walipoelezwa kwamba feni sasa ina pacha wake ndani ya kompyuta, hawakusubiri kamati ya majina. Feni ikawa Kulwa, kwa kuwa ndiye aliyetangulia kuja duniani, na yule wa kwenye kompyuta akawa Doto. Majina yakashika. Hata kwenye ripoti rasmi utakuta mtu kaandika "Doto anaonyesha joto la beringi 68".

Sasa, Doto alikosea nini? Hili ndilo lililonichukua wiki tatu, na ndilo lililonifanya nianze kusoma viwango nilivyokuwa naviona kama karatasi za wakaguzi.

Beringi ya aina ile ina rola zilizopangwa katikati ya ringi mbili. Ringi ya nje ikipata jeraha, kila rola inayopita pale inagonga, na magonjwa haya yana mdundo wake. Ukijua idadi ya rola na kasi ya mhimili unaweza kuukadiria: zidisha idadi ya rola kwa kasi kwa sekunde, kisha chukua takriban sehemu nne za kumi. Feni yetu inazunguka mara 990 kwa dakika, yaani 16.5 kwa sekunde. Doto alikuwa ameelezwa kwamba beringi ina rola 19, kwa hiyo alikuwa ametega sikio kwenye mdundo wa 125 kwa sekunde. Pale pakiwa kimya, yeye yuko kijani. Na palikuwa kimya kweli.

Tulipoifungua ile beringi na kuilaza mezani, nikahesabu rola. Nikahesabu tena. Zilikuwa 17. Mdundo wa ugonjwa ulikuwa kwenye 112, na Doto hakuwa anasikiliza huko.

Miezi saba kabla, wakati wa matengenezo, beringi ya zamani ilitolewa na kufungwa nyingine ya kampuni tofauti. Namba kwenye boksi ni ileile, kipenyo cha ndani kilekile, cha nje kilekile, upana uleule. Mtu wa stoo hakukosea hata kidogo. Kumbe kiwango kinachoruhusu ununue beringi popote duniani na ikaingia mahali pake, ISO 15, kinapanga vipimo vya nje tu. Ndani mtengenezaji ana uhuru wake: rola ngapi, nene kiasi gani, zimeinamia pembe ipi. Kwa Babu mwenye bisibisi uhuru huo si kitu, yeye anasikiliza chochote kinachosaga. Kwa Doto ulikuwa ni upofu.

Na hakuna aliyemwambia. Hili ndilo lililoniuma, kwa sababu nilipotafuta nani alipaswa kumwambia, nikakuta hakuna njia ya kumwambia. Kwenye PLC, kompyuta inayoendesha mitambo, feni ilikuwa 421FN1. Kwenye mfumo wa matengenezo ilikuwa FENI-TANURU-01. Michoro ya mkandarasi aliyejenga kiwanda ilikuwa na namba yake ndefu yenye vistari. Kwenye daftari la stoo beringi ilitoka kwa ajili ya "feni la juu". Majina manne ya kitu kimoja, na la tano Kulwa. Mfumo wa matengenezo ulijua beringi imebadilishwa, tena ulikuwa na tarehe. Doto alikuwa kwenye seva hatua nane kutoka hapo. Hawakuwa wakifahamiana.

Kuna jambo hapa ambalo ningependa mtu angeniambia mapema. Tulikuwa tunachanganya kiti na mkaaji. "Feni ya tanuru" ni kiti, nafasi katika mtambo. Mota yenye namba yake iliyogongwa kiwandani, beringi yenye namba yake, hao ni wakaaji, wanakuja na kuondoka. Fikiria daladala. Ruti ni Mbagala–Kariakoo miaka yote, lakini gari linalofanya ruti hiyo leo silo la mwaka juzi. Historia ya breki ni ya gari, inalifuata hata likihamia ruti ya Tegeta. Historia ya msongamano ni ya ruti. Sisi tulikuwa tumeziandika zote kwenye ruti. Mota ilipotolewa kwenda kusukwa upya na ikaja kufungwa kwenye pampu ya maji, magonjwa yake yote yalibaki kwenye feni kama deni la marehemu, na pampu ikapokea mota ambayo kwenye karatasi ilikuwa mpya kabisa.

Wajerumani walishaumwa na jino hili, wakatengeneza kitu wanachokiita kwa lugha yao Verwaltungsschale. Kwa kifupi cha kimataifa ni AAS. Mimi nakiita ganda la kifaa. Kila kifaa kinapewa kitambulisho kimoja kisichofanana na kingine chochote duniani, na kuzunguka kitambulisho hicho yanapangwa mafaili madogo yenye umbo linalojulikana: moja la maandishi ya kile kibati cha kwenye mota, moja la data za kiufundi, moja la nyaraka za makabidhiano, moja la vipimo vinavyoendelea kuingia. Kinatofautisha aina na nakala: beringi ya modeli fulani ni aina, na hii iliyo mkononi mwangu yenye grisi ni nakala. Tangu 2023 kina namba yake ya IEC, shirika la kimataifa la viwango vya umeme, 63278, na kuna chama huko Frankfurt kilichoanzishwa 2020 kinachoyatunza yale maumbo ya mafaili. Mwanzoni niliona ni urasimu wa Kijerumani. Baada ya kuhesabu rola 17 niliusoma ule waraka kama barua kutoka nyumbani.

Lakini msidhani beringi ndiyo ilikuwa aibu yetu kubwa. Aibu kubwa ni ya saa.

Ili Doto ajifunze, muuzaji alitaka historia ya matukio ya miaka mitatu. Historia ilikuwepo, kwenye vitabu vya zamu, kwa mkono, wino wa bluu na madoa ya chai. Tukampa kazi kijana aliyekuwa mafunzo kwa vitendo ayaingize kwenye kompyuta. Kijana mzuri, mwandiko wa watu wote aliusoma. Kitabu kinasema: "Saa 4 feni ilipiga kelele, tukatia grisi." Naye akaandika 04:00.

Msomaji wa Kiswahili hapo ameshashika kichwa. Saa 4 ya asubuhi ni 10:00. Saa 4 ya usiku ni 22:00. Hakuna mtu wa zamu anayeandika "asubuhi" kwenye kitabu cha zamu ya asubuhi, ya nini? Tena wapo waliosoma vyuo vya ufundi wanaoandika 10:00 kama ilivyo, kwa hiyo ukurasa mmoja una saa za aina mbili. Juu ya hapo seva ya muuzaji ilikuwa inahifadhi kila kitu kwa saa ya dunia, UTC, iliyo nyuma yetu kwa saa tatu, na sehemu ya mafaili ilibadilishwa na sehemu haikubadilishwa.

Matokeo yake yalichekesha tulipoyaelewa, lakini kabla ya hapo yaliheshimiwa sana. Mtetemo ulipanda saa tatu na nusu asubuhi, mafundi wakatia grisi saa nne. Kwenye data grisi ikatiwa alfajiri, mtetemo ukafuata saa tano na nusu baadaye. Doto akasoma matukio kama hayo kwa makumi, akatoa hitimisho la kisayansi: grisi ndiyo inayoleta mtetemo. Kukawa na kikao, na slaidi. Mtu mmoja akapendekeza tupunguze grisi. Babu alikuwa ameketi nyuma, akauliza kwa upole kama kompyuta yetu imewahi kushika spana.

Dawa yake ipo tangu zamani na ni fupi: ISO 8601, tarehe na saa zinaandikwa kwa mpangilio mmoja na mwishoni unaweka tofauti na saa ya dunia, kwetu +03:00. Ila kumwambia mtu aliyezaliwa na saa ya Kiswahili aandike +03:00 huku mikono ina grisi ni kujidanganya. Hatukupiga marufuku saa yetu. Tuliweka kishikwambi pale chini ya mnara. Fundi anagusa kitufe cha tukio, saa inajigonga yenyewe, yeye anaongeza maneno akitaka. Kitabu cha wino kipo bado, maana kishikwambi huishiwa chaji na kitabu hakiishiwi.

Vipimo navyo vilikuwa na vituko vyao. Sensa mbili zote ziliandika milimita kwa sekunde. Moja ilikuwa inatoa thamani ya RMS, aina ya wastani wa wimbi, ambayo ndiyo viwango vya mtetemo hutumia, nyingine kilele cha wimbi. Kwa mtetemo laini tofauti yake ni mara 1.41. Kwa hiyo upande mmoja wa feni ulionekana mgonjwa zaidi ya mwingine kwa mwaka mzima, nasi tukawa tunaulainisha kwa bidii. Kizio ni kilekile, maana si ileile. Ndiyo sababu mapacha wa siku hizi hawaridhiki na jina la kipimo. Wanataka kila kipimo kionyeshe ni kipi hasa katika kamusi ya pamoja, kama ECLASS, ambako maana imeandikwa mara moja na kupewa namba.

Linganisha na Modbus, lugha ya mitambo ya mwaka 1979 ambayo bado inaendesha nusu ya kiwanda chetu. Unaiuliza kisanduku namba fulani kina nini, inakujibu 472. Basi. Nyuzi 472 au 47.2? Au ni asilimia? Itafute kwenye karatasi iliyobandikwa mlangoni mwa paneli, kama haijaliwa na mchwa. Siku moja tulipata joto la beringi lenye tarakimu nyingi kuliko la jua, kwa sababu tu namba moja ilikuwa imegawanywa visanduku viwili na mtu akavisoma kinyume. OPC UA, lugha mpya zaidi tuliyohamia kidogo kidogo, hubeba jina, kizio, saa ya kipimo, na kitu kimoja ninachokipenda kuliko vyote: neno la kusema kama kipimo chenyewe ni kizuri, kibaya au cha mashaka. Sensa ikifa haiachi sifuri ikakaa pale ikijifanya habari.

Tena hilo si wazo jipya. Waya za sensa zetu za zamani hutumia mkondo wa milliampea 4 hadi 20. Kwa nini zisianze sifuri? Kwa sababu sifuri ni waya uliokatika. Waliotunga mpango huo walijua kwamba kimya nacho lazima kiwe na maana. Wakati mwingine naona sisi wa programu tunagundua upya, kwa bei kubwa, mambo ambayo mafundi umeme waliyamaliza kwa nyaya mbili.

Baada ya siku zile mbili na nusu nilipewa kazi ya kupanga upya nyumba ya Doto. Nilichukua ISO 23247 kama ramani, kiwango kilichotoka 2021 kikiwa na sehemu nne, kilichoandikwa kwa ajili ya viwanda. Mgawanyo wake ni wa akili ya kawaida: chini kabisa kuna vitu vyenyewe, feni na mota na hata watu, juu yake wanaokusanya data na kupeleka amri, juu yake pacha mwenyewe, na juu kabisa wanaomtumia, yaani mimi, meneja, mfumo wa matengenezo. Muuzaji wetu alikuwa ameviunga vyote kuwa kitu kimoja. Sensa zake ziliongea na kisanduku chake, kisanduku kikaongea na seva yake ng'ambo, na sisi tukapewa dirisha la kuchungulia. Kutaka historia yetu wenyewe ilikuwa ni kuomba faili kwa barua pepe. Siwezi kumlaumu sana, mkataba tulisaini sisi. Ila kama uko mbioni kusaini wa kwako, tafuta ukurasa unaosema data zikitoka zinatoka katika umbo gani, na usome ukurasa huo kabla ya ule wa bei.

Halafu kuna lile la jina. Mwaka 2018 watafiti wa Vienna walitenganisha vitu vitatu: kielelezo, ambacho data zake huingizwa kwa mkono, kivuli, ambacho hupokea data chenyewe lakini hakirudishi kitu, na pacha, ambaye habari zinakwenda na kurudi zenyewe. Kwa kipimo hicho Doto hajawahi kuwa pacha. Ni kivuli kilichouzwa kwa bei ya pacha. Na nitasema jambo litakalowaudhi wauzaji: kwa feni ya tanuru, kivuli kinatosha. Sitaki kompyuta iliyowahi kuogopa grisi ipewe mkono wa kuzima mtambo. Tumeweka mlango wa upande mmoja kati yake na PLC. Anasema, anayeamua ni mtu wa zamu.

Kazi yenyewe haikuwa ya kompyuta. Ilikuwa ya kutembea na brashi ya waya, kusugua vibati vilivyofunikwa vumbi la saruji lililoganda, kusoma namba, kupiga picha. Miezi minne. Mota tatu zilikuwa na vibati vya mota nyingine. Moja haikuwa na kibati kabisa, ila Babu alijua ilikonunuliwa, mwaka wake, na nani aliyeiangusha wakati wa kuishusha. Niliyaandika yote kwenye ganda lake. Spea mpya zikiingia stoo sasa hazitoki bila msimbo wa QR wa mtindo wa IEC 61406, ambao ni anwani moja isiyo na mwenzake, na beringi haifunguliwi boksi mpaka msimbo usomwe na nafasi inayokwenda itajwe. Idadi ya rola inaingia yenyewe kama mtengenezaji ameitoa. Kama hakuitoa, tunahesabu, kidole kwa kidole.

Kwenye fomu ya kibali cha kazi, chini ya "umeme umekatwa?" na "kufuli limewekwa?", mafundi wameongeza mstari kwa kalamu, na toleo lililofuata likauchapa: "Doto ameambiwa?"

Babu amestaafu mwezi wa sita. Bisibisi ameondoka nayo. Wiki iliyopita simu yangu iliita nimelala, nikaona namba ya kiwandani nikakaa kitandani kabla sijapokea.

"Injinia, shikamoo. Tumebadilisha beringi ya feni ya kupozea klinka. Kishikwambi hakina chaji, kwa hiyo Doto bado hajaambiwa. Tumeandika kitabuni."

"Marahaba. Mmeandika saa ngapi?"

"Saa nane."

"Ya mchana au ya usiku?"

Kimya kidogo, na nyuma yake nikasikia wenzake wakicheka.

"Injinia, kwani huko kwako kumekucha?"